Kuanza na Hofu: Kuwafundisha Watoto Historia ya Setilaiti za Upelelezi

Mwalimu wa shule ya msingi anayeandika azimio lake la kazi aghalabu hazifikirii setilaiti za upelelezi. Huonekana kuwa ni mambo ya wakubwa, mambo ya mataifa ya mbali, na zaidi ya yote mambo ya siri. Na siri, kama tujuavyo, haina kitabu cha kiada. Hata hivyo, katika miaka niliyofundisha darasa la sita, na baadaye katika kuwasimamia wanachuo kwenye shule ya mazoezi, nimeiona mada hii ikiamsha madarasa yaliyosinzia. Nimeiona pia ikiharibika mikononi mwa mwalimu asiyejua aanzie wapi. Katika kurasa hizi napenda kueleza ninavyoianza, na kwa nini naianza hivyo.

Wengi huanza na mtambo. Nakumbuka mwanachuo mmoja, kijana mwenye mkono mzuri wa kuchora, aliyeujaza ubao kwa setilaiti yenye mabawa, antena na kamera, akaandika majina ya sehemu zake zote. Watoto waliyanakili kwa utulivu uleule waliotumia wiki iliyotangulia kunakili sehemu za panzi. Kengele ililia bila hata mtoto mmoja kuuliza ni nani aliyeutaka mtambo ule, wala aliutakia nini. Andalio lake la somo lilikuwa safi. Kilichokosekana ni sababu. Mtambo huu ulizaliwa na hofu, nami naona heri tuanze na hofu, kwa kuwa hofu watoto wanaijua.

Huwauliza: "Ukiwa umelala usiku, ukasikia kishindo uani, unadhani kuna nini?" Majibu hayaishi. Mwizi, fisi, wezi watatu wenye mapanga, mbuzi amekata kamba. Nayaandika yote ubaoni. Kisha nauliza ni nani kati yao aliyewahi kutoka na taa kwenda kutazama, na alikuta nini. Walio wengi walikuta mbuzi. Hapo, bila kufuta ubao, nawapeleka kwenye nchi mbili zilizokuwa zikisikilizana vishindo gizani: Marekani na Muungano wa Kisovieti, ambao watu wengi waliuita Urusi tu.

Tarehe 4 Oktoba 1957 Wasovieti walirusha angani Sputnik, setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa na binadamu. Uzito wake ulikuwa kilo 83.6 tu, nayo ilizunguka dunia kila baada ya dakika 96 ikitoa mlio wa redio. Wamarekani hawakuuogopa mlio ule, waliiogopa roketi. Roketi yenye nguvu ya kupandisha chombo kama kile ingeweza pia kubeba bomu la nyuklia hadi upande wa pili wa dunia. Je, Wasovieti walikuwa nazo ngapi? Nchi yao ilikuwa kubwa mno na imefungwa kwa wageni. Wanasiasa wa Marekani, akiwamo John Kennedy aliyekuwa akiutafuta urais, walisema kwamba nchi yao imeachwa nyuma sana kwa makombora. Hapo huwaonyesha watoto ile orodha yao ya wezi watatu wenye mapanga.

Taa ya kwanza ya kutokea nje ilikuwa ndege. Tangu mwaka 1956 Wamarekani walikuwa wakituma ndege iitwayo U-2, iliyoruka juu sana, kiasi cha kilomita 21, kupiga picha katika nchi ya Wasovieti. Tarehe 1 Mei 1960 mojawapo ilitunguliwa. Marekani ikatangaza kwamba ilikuwa ndege ya kuchunguza hali ya hewa iliyopotea njia. Ndipo Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, alipotangaza kwamba rubani, Francis Gary Powers, yu hai na amekamatwa. Watoto hucheka sana hapa, nami huwaacha wacheke, kwa sababu kicheko hicho tutakihitaji baadaye.

Kumbe taa ya pili ilikuwa imekwisha kuanza kutengenezwa. Mwezi Februari 1958 Rais Eisenhower alikuwa ameidhinisha mpango wa siri ulioitwa Corona: kupeleka kamera angani na kuzirudisha picha zake duniani. Hadharani mpango huo uliitwa Discoverer, na wananchi waliambiwa kwamba ni wa uchunguzi wa kisayansi.

Sehemu inayostahili muda mrefu zaidi ni namna picha zilivyorudi nyumbani. Mtoto wa leo amezoea picha ya simu inayofika kwa shangazi yake mjini kabla hajafumba jicho. Itampasa aambiwe polepole kwamba kamera ile ilitumia filamu, utepe mrefu uliozungushwa kama uzi kwenye kigurudumu, na kwamba filamu hiyo ilibidi ishuke yenyewe kutoka angani. Ilikusanywa ndani ya kasha, kasha likaachiwa, likapenya hewa kwa joto kali, parachuti ikafunguka juu ya Bahari ya Pasifiki, na ndege ya mizigo iliyokuwa ikivuta kamba zenye kulabu ikajaribu kuinasa parachuti kabla kasha halijagusa maji.

Usiyaeleze haya kwa mdomo peke yake. Chukua leso, ifunge nyuzi nne, ning'iniza gunzi la mahindi. Mtoto mrefu apande juu ya tuta na kuirusha juu. Mwingine akimbie na fimbo yenye ndoana ainase kabla haijaanguka chini. Mmoja abaki na chaki ahesabu wanaoshindwa. Nimefanya mchezo huu mara nyingi na sijaona darasa lililofanikiwa mara ya kwanza. Wakishachoka na kutota jasho, warudishe ndani uwaambie kwamba chombo cha kwanza cha mpango ule kilirushwa tarehe 28 Februari 1959, na kwamba safari 12 za mwanzo zilipita bila kasha hata moja kupatikana. Roketi zilishindwa, makasha yalipotea, na filamu yenyewe ilikuwa ikikatikakatika katika utupu wa anga hadi ilipotengenezwa upya kwa plastiki ya aina nyingine. Kasha la safari ya 13 liliopolewa baharini tarehe 11 Agosti 1960. Ndani yake mlikuwa na bendera ya Marekani, si filamu. Tarehe 19 Agosti 1960, katika safari ya 14, rubani Harold Mitchell alikosa mara mbili, na mara ya tatu akalinasa kasha hewani, kiasi cha mita 2,600 juu ya bahari. Siku hiyohiyo, mjini Moscow, Powers alihukumiwa kifungo.

Filamu iliyokuwamo ilikuwa na uzito wa kilo 9 hivi. Ilionyesha zaidi ya kilomita za mraba milioni 4 za nchi ya Wasovieti na jirani zake, yaani zaidi ya mara nne ya Tanzania nzima. Safari moja ya siku moja ilileta picha za eneo kubwa kuliko ndege zote za U-2 kwa miaka minne. Kwa watoto wanaopenda hesabu, hapa pana kazi ya nusu saa.

Sasa kile kicheko. Darasa lililocheka ile ndege ya hali ya hewa haliwezi kuachwa lipite bila kuulizwa juu ya Discoverer. Je, serikali ilifanya vyema kuwaambia wananchi wake kwamba ni chombo cha sayansi? Usitoe jibu lako mwanzoni. Katika mjadala mmoja darasa liligawanyika karibu nusu kwa nusu. Waliotetea walisema kwamba hakuna mwindaji atangazaye mtego wake. Kijana mmoja wa nyuma, asiyependa kusema, aliinuka: "Mama huficha sukari, lakini hasemi kwamba ni chumvi." Sijakutana na maelezo bora zaidi ya tofauti kati ya kuficha na kudanganya, nami nimeyatumia tangu siku hiyo. Mjadala haukwisha kwa kupiga kura, wala sioni kwamba ulihitaji.

Mwanachuo atakayefundisha mada hii ajiandae kwa swali ambalo halimo katika andalio lake: "Je, wanatuona sasa hivi?" Litaulizwa tu. Mwaka mmoja lilinifikia kwa njia nyingine. Wasichana wawili walinifuata baada ya masomo, na mmoja ndiye aliyesema kwa niaba ya mwenziwe: "Mwalimu, huyu haogi tena mchana." Bafu la kwao lilikuwa la makuti, uani, halina paa, na kaka yake alikuwa amemwambia kwamba wenye setilaiti wanamwona kutoka juu. Basi alikuwa akisubiri usiku na kuoga gizani, mahali ambapo nyoka walikwisha kuonekana.

Lilikuwa jambo zito. Kumwambia kwamba ni upuuzi kungekuwa rahisi, lakini kesho yake kaka angemwonyesha picha ya mabati ya kijiji chao kwenye simu, na neno la mwalimu lingekuwa limekwisha. Nilimwambia, "Mwanangu, kesho tutapima," bila kumtaja mbele ya wenzake.

Kesho yake tulitoka na kamba ya mita 12. Katika picha za kwanza za Corona, kitu kilichokuwa kidogo kuliko kiasi cha mita 12 hakikuweza kutambulika. Tuliichora mraba wa mita 12 kila upande uwanjani, na darasa zima la watoto 50 na ushei likaingia ndani likabaki na nafasi. "Ninyi nyote," nikawaambia, "ni nukta moja." Kisha tukachora mraba wa mita 2, kwa kuwa kamera za mwisho za Corona, hadi mpango ulipokoma mwaka 1972, zilifikia kiasi hicho. Humo waliingia watoto wachache wakisukumana. Bafu la makuti nalo lingeingia karibu lote. Mwisho nikaiweka chini rula ya sentimita 30. Setilaiti za makampuni ya biashara, ambazo picha zake huuzwa hadharani, zimefikia kiasi hicho: mtu aliyesimama, akitazamwa kutoka juu, ni nukta mbili au tatu, kichwa na mabega. Hana uso. Niliwaambia pia kwamba setilaiti za kijeshi za mataifa makubwa huona vizuri zaidi ya hapo, kwamba wenyewe hawatangazi ni kwa kiasi gani, na kwamba chombo cha namna hii hupita juu ya mahali kwa dakika chache kikaendelea na safari yake.

Angalia kwamba sikusema kwamba haiwezekani. Nilisema kinachoonekana ni nini, na ni kwa kiasi gani. Msichana yule aliuliza swali moja tu, tena kana kwamba anauliza jambo la kilimo: mawingu yakitanda je? Nikamjibu kwamba kamera za namna hii haziwezi kupenya mawingu. Alirudi kuoga mchana. Mwezi uliofuata baba yake aliliezeka bafu lile, hatua ambayo kwa maoni yangu ilikuwa jibu zuri kuliko langu.

Kutoka uwanjani ni rahisi kuingia katika kazi ya wasomaji wa picha. Picha haijisomi. Kulikuwa na watu waliokaa na kioo cha kukuzia wakitazama vivuli, kwa sababu kivuli humwambia mtu urefu wa kitu kinachoonekana kwa juu tu. Simamisha kijiti cha mita 1 juani. Ikiwa kivuli chake ni sentimita 60, na kivuli cha mlingoti wa bendera ni mita 4.2, mlingoti una mita 7. Watoto wa darasa la sita hulipata jibu hili wenyewe, na mara nyingi hutaka kupima mwembe, choo, na mwalimu mkuu.

Nini kilionekana, basi, taa ilipotolewa nje? Kufikia Septemba 1961, baada ya picha kuchambuliwa, makadirio ya Marekani yalishuka: Wasovieti walikuwa na makombora ya masafa marefu kati ya 10 na 25, ilhali hapo awali yalikuwa yakitajwa mamia. Wamarekani ndio waliokuwa mbele. Miaka kadhaa baadaye, Machi 1967, Rais Lyndon Johnson, akizungumza mjini Nashville mbele ya kikundi kilichokuwa na waelimishaji ndani yake, alikiri kwamba kabla ya picha hizo nchi yake ilikuwa ikijenga vitu visivyohitajika na kubeba hofu zisizohitajika. Nimefurahi siku zote kwamba maneno hayo waliyasikia walimu.

Jihadhari usiifanye hadithi hii iwe ya upande mmoja. Wasovieti nao walitoa taa yao. Chombo chao kiliitwa Zenit, ndugu wa kile kilichomchukua Yuri Gagarin mwaka 1961: mahali alipokaa mtu waliweka kamera, na tufe zima lilirudi nchi kavu pamoja na kamera zake. Cha kwanza kilichofanikiwa kilirushwa Aprili 1962 kwa jina la Kosmos 4, nacho kilitangazwa kuwa ni cha sayansi. Watoto wakisikia hivyo husema kwa pamoja: "Chumvi!"

Wala usiifanye iwe hadithi ya ushindi wa picha. Picha ya makombora haisemi mwenye makombora ana nia gani. Kwa jambo hili huwapa watoto kazi ya kuchora shule yao kama inavyoonekana kutoka juu: mabati, miti, kisima, njia ya kwenda shambani. Wakimaliza, nawauliza maswali ambayo mchoro hauwezi kuyajibu. Ni nani leo hakunywa uji? Ni nani ameadhibiwa? Darasa la tatu linafundishwa na nani, au halina mwalimu? Kimya kinachofuata ni cha thamani. Mwanachuo mmoja aliongeza kazi yake mwenyewe, nami nimeipokea kwa furaha: aliwataka wachore vitu vitatu vya nyumbani kwao ambavyo havingeonekana kutoka angani. Alipata jiko, bibi mgonjwa, deni la duka (aliyelichora alichora daftari), na watoto watano waliochora baba akiwa hayupo. Hapo alilazimika kuiweka historia kando kidogo, na alifanya vyema.

Kwa upande wangu, naona kiini cha mada nzima kimo katika mwaka 1972. Tarehe 26 Mei mwaka huo, mjini Moscow, Nixon na Brezhnev walitia saini mikataba ya kupunguza mashindano ya silaha. Wasioaminiana watakubalianaje? Mmoja akisema ana makombora kumi, mwingine atajuaje? Waliahidiana kwamba kila upande utahakikisha kwa njia zake wenyewe za kiufundi, na kwamba hakuna atakayezizuia njia za mwenziwe. Neno "setilaiti" halimo. Kila mmoja alijua linalosemwa, hakuna aliyelitamka. Hadi Oktoba 1978, Rais Jimmy Carter alipokiri hadharani kwamba Marekani hutumia setilaiti za picha kuhakikisha mikataba. Majasusi, ambao katika hadithi za watoto hufukuzwa na kupigwa risasi, hapa walipewa ruhusa ya kupita. Waulize watoto kama wangemruhusu jirani waliyegombana naye achungulie uani kwao, kwa sharti kwamba nao watachungulia kwake. Mkataba mmojawapo kati ya ile, uliohusu makombora ya kujikinga, ulikufa Marekani ilipojitoa mwaka 2002. Jambo hilo nalo liambiwe darasa, lisije likadhani kwamba ahadi za mwaka 1972 zingali kama zilivyokuwa.

Vipande vidogo vya kuchangamsha kipindi vipo vingi. Mwaka 1964 kasha moja la Corona lilipotea njia likaangukia Venezuela, likaokotwa na wakulima. Baada ya hapo makasha yaliandikwa kwa lugha nane ahadi ya zawadi kwa atakayeyarudisha. Kasha likianguka baharini bila kunaswa, lilikuwa na kizibo cha chumvi kilichoyeyuka baada ya siku mbili hivi ili lizame lisipatikane na mwingine: somo la sayansi kwa kijiko kimoja cha chumvi na glasi ya maji. Januari 1978 Kosmos 954, setilaiti ya Wasovieti ya kuchungulia meli, iliyokuwa na tanuri la nyuklia ndani yake, iliangukia kaskazini mwa Kanada na kumwaga vipande vyenye sumu ya mionzi. Kipande hiki kitumie kwa kiasi, hasa kwa watoto wenye kuota usiku.

Huenda pia ukaulizwa kama sisi tuna yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la Waitalia baharini karibu na Malindi, nayo ikapewa jina Uhuru. Lakini hiyo haikuwa ya upelelezi. Ilitazama mbali na dunia, ikitafuta mionzi ya eksirei kutoka kwa nyota, nayo inafaa kuwakumbusha watoto kwamba si kila jicho la angani limeelekezwa chini.

Picha za Corona zenyewe, zaidi ya 800,000, zilifunguliwa kwa umma kwa amri ya Rais Clinton mwezi Februari 1995. Tangu hapo wanaakiolojia wamezitumia kuona njia za kale nchini Syria, njia zilizochimbika kwa miguu ya watu na mifugo maelfu ya miaka iliyopita, ambazo plau na majengo vimekwisha kuzifuta nyingi. Waliopiga picha zile hawakuwa wakizitafuta njia hizo.

Vipindi vinne vyatosha: cha hofu na Sputnik, cha leso na gunzi, cha kamba na kivuli, ambacho hakina budi kuwa asubuhi au alasiri, kwa maana saa sita kivuli ni kifupi mno, na cha mkataba. Mjadala wa sukari na chumvi utajiingiza wenyewe mahali utakapopenda. Katika mtihani usiulize tarehe zaidi ya mbili. Kamba ya mita 12 ikunjwe vizuri na kurudishwa kabatini. Darasa la nne huihitaji kwa vipimo.